Bastola ya .40: ubaki nayo, au uitie mtutu wa 9mm, wa .357 SIG, au seti ya .22?

Shemeji yangu anaishi Houston, analinda maghala usiku. Mwaka juzi alinunua Glock 22 iliyotumika, ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .40 S&W, ikiwa imetoka kwenye kabati la polisi. Bei ilikuwa ya kutupa. Baada ya miezi mitatu akanipigia: "Shem, hii kitu inanipiga mkono, na risasi zake ni ghali. Jamaa mmoja hapa ananiambia nitie mtutu wa 9mm tu. Mwingine anasema nitie wa .357 SIG. Bastola haitakufa?"

Mimi ni fundi wa mashine za kuchonga vyuma. Bastola ni kitu cha mapumziko ya Jumamosi tu, lakini chuma ni chuma, na swali la shemeji ni la chuma: nani anakipiga, anakipigia wapi, na kwa nguvu gani. Tangu siku ile nimeulizwa swali hilohilo na watu wengine wanne, wote wakiwa na bastola za .40 za bei ya chini. Basi niandike mara moja.

Kwa nini hizi .40 zimejaa madukani Marekani? Aprili 1986, mawakala wa FBI walipambana na majambazi wawili kule Miami, mawakala wawili wakauawa, na lawama nyingi zikaiangukia risasi ya 9mm ya wakati ule. FBI ikageukia 10mm, ikaiona kali mno, ikaipunguza nguvu. Smith & Wesson na Winchester wakasema: kama nguvu imepungua, ganda refu la nini? Mwaka 1990 wakatoa .40 S&W, ambayo kimsingi ni 10mm iliyofupishwa ganda. Idara za polisi nchi nzima zikaifuata. Kisha risasi za 9mm zikaboreshwa, FBI yenyewe ikarudi 9mm katikati ya miaka ya 2010, na maelfu kwa maelfu ya Glock 22, Glock 23, SIG P226 na P229 za .40 yakauzwa kwa raia. Nyingi zina mikwaruzo ya holsta (ala ya kiunoni) nje, ila ndani hazijapigwa risasi nyingi.

Hapo ndipo biashara ya mitutu ya kubadilisha ilipochanua. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani fremu, yaani kiunzi chenye mpini na triga, ndiyo inayohesabiwa kuwa silaha. Mtutu ni kipuri, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake ya ziada. Ndugu zangu mlioko Kenya na Tanzania, msije mkanisoma vibaya: huko kibali kinafungamana na silaha maalumu na risasi zake, kwa hiyo kubadili kaliba si jambo la kufanya sebuleni. Anzeni kwa mamlaka iliyowapa kibali.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ni shinikizo. Watu hukimbilia namba hii kwa sababu imeandikwa kwenye majedwali. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa paundi 32 hivi kwa inchi ya mraba. Ndani ya chemba ya 9mm, yaani kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kikomo kinachoruhusiwa na SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha vya Marekani, ni paundi 35,000. Ni zaidi ya mara elfu moja ya tairi lako. Shinikizo hili linabebwa na ganda, kuta za chemba, na sehemu ambapo mtutu umeshikana na slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele.

Cha pili ndicho watu hukisahau: msukumo, yaani uzito wa kichwa cha risasi mara kasi yake. Bastola hizi hufungwa kwa mtindo wa mbunifu John Browning. Risasi inapolipuka, mtutu na slaidi vimeshikana na vinarudi nyuma pamoja milimita chache tu. Kichwa kikishatoka mdomoni mwa mtutu shinikizo linaporomoka, mtutu unainamisha kitako, unajifungua, na slaidi inaendelea peke yake hadi kuigonga fremu. Maana yake, slaidi inapoigonga fremu shinikizo halipo tena. Kinachogonga ni chuma chenye mwendo, na mwendo huo kiliupata kutokana na msukumo wa kichwa na gesi zilizokifuata.

Kwa hiyo nitasema tangu mwanzo: shinikizo huuchosha mtutu, msukumo huichosha fremu. Ukizichanganya hizi mbili utanunua kipuri kisicho sahihi.

Cha tatu ni jinsi risasi inavyokaa kwenye slaidi. Kitako cha ganda la .40 kina kipenyo cha milimita 10.8. Cha 9mm ni kama 9.9. Slaidi ina kucha inayoling'ata ganda na kulivuta, na fremu ina kirushio kinacholigonga ganda hilo litoke dirishani. Vyote viwili vimepimwa kwa kaliba moja.

Cha nne ni fedha, nacho hakihitaji maelezo.

Tazama namba. Uzito na kasi ni za risasi za kawaida za dukani, nimezikadiria. Shinikizo ni kikomo cha SAAMI.

| Risasi | Kichwa (gramu) | Kasi (mita kwa sekunde) | Msukumo (kg·m/s) | Shinikizo la juu (paundi kwa inchi ya mraba) |
|---|---|---|---|---|
| .22 LR | 2.6 | 300 | 0.8 | 24,000 |
| 9mm | 8.0 | 350 | 2.8 | 35,000 |
| .357 SIG | 8.1 | 410 | 3.3 | 40,000 |
| .40 S&W | 11.7 | 300 | 3.5 | 35,000 |
| .45 ACP | 14.9 | 255 | 3.8 | 21,000 |
| 10mm | 11.7 | 365 | 4.3 | 37,500 |

Nimeiweka .45 ACP makusudi, ingawa haimo kwenye ulinganisho wetu. Shinikizo lake liko chini ya yote, hata ya .22, lakini msukumo wake unaipita .40. Ndiyo maana mtu akikuambia "hii ina shinikizo dogo, haitaichosha bastola", mwulize: haitaichosha wapi?

1. Kubaki na .40

*Shinikizo na msukumo.* Kikomo ni kilekile cha 9mm, paundi 35,000, ila kitako cha ganda ni kipana zaidi. Ukipiga hesabu ya eneo, ganda la .40 linausukuma uso wa slaidi kwa nguvu inayozidi ya 9mm kwa asilimia 18 hivi, hata kama shinikizo ni sawa. Msukumo nao umezidi kwa robo. Kitu kikienda kasi kwa robo zaidi, nguvu ya kugonga haiongezeki kwa robo bali kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nguvu hiyo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Slaidi za .40 huwa nzito kidogo ili kuufidia mzigo huo, lakini uzito huo haufidii wote.

*Kinachochakaa.* Hapa historia inasema vizuri kuliko mimi. Bastola ya Browning Hi-Power ilipotengenezwa kwa .40 katika miaka ya 1990, fremu yake ya kufuliwa haikuhimili. Ikabidi watumie fremu ya kumiminwa iliyo ngumu zaidi. SIG P226 ya 9mm ilikuwa na slaidi ya bati la chuma lililokunjwa, kwa .40 waliiacha wakachonga slaidi kutoka pande zima la chuma kisichoshika kutu. Glock nao waliongeza pini ya tatu kwenye fremu ya .40, juu ya ile inayoshikilia triga, ili kukitia nguvu kipande kinachofungia mtutu. Watengenezaji watatu walilikuta tatizo moja, na wote wakaongeza chuma kwenye fremu na slaidi. Sijaona aliyeanzia kwenye mtutu.

Kwa mtumiaji, wa kwanza kulalamika ni springi. Springi ya kurudishia ikichoka, slaidi inaigonga fremu bila breki. Mafundi wengi huibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000, na kwa bastola iliyotoka polisi ibadilishe siku ya kwanza bila kuuliza, maana hujui ilikaa miaka mingapi. Kipuri chenyewe ni bei ya chakula cha mchana.

Kuna ugonjwa mwingine wa .40 ambao hausababishwi na kupiga risasi. Kichwa kizito kimekaa kwenye ganda fupi. Ukiwa na tabia ya kuitoa risasi ileile kila usiku na kuirudisha chemba kila asubuhi, kichwa kinasukumwa ndani kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, na hapo kikomo cha paundi 35,000 kinabaki kwenye karatasi tu. Nilizipanga mezani risasi tano za shemeji, zimesimama kama wanafunzi paredi. Ile aliyoitia chemba kila siku kwa wiki saba ilikuwa fupi kuliko wenzake kiasi cha kuonekana kwa macho. Tuliitenga isipigwe kabisa.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha nunua risasi za .40 za kutosha, anayepiga sanduku moja au mawili kwa mwezi, na ambaye mkono wake haulalamiki. Bastola ilibuniwa kwa kazi hiyo na vipande vyake vyote vinakubaliana.

2. Mtutu wa 9mm

*Shinikizo na msukumo.* Mtutu wa kubadilisha si mtutu wa Glock 17, ile Glock iliyozaliwa 9mm. Nje umechongwa kwa kipimo cha .40 ili uishike slaidi barabara. Ndani umetobolewa kwa 9mm. Ukutani kuna chuma kingi kuliko kawaida, kwa hiyo chemba ina nguvu ya kutosha. Ganda linausukuma uso wa slaidi kwa nguvu iliyopungua kwa asilimia 15 hivi, na msukumo umeshuka kwa moja ya tano. Slaidi ileile nzito sasa inarudi polepole zaidi, na inaigonga fremu kwa theluthi mbili tu ya nguvu ya awali.

Kwa kulinda fremu na springi bila kubadili namna bastola inavyofunga na kufunguka, hakuna njia katika hizi inayoikaribia. Ila iko gharama yake.

*Kinachochakaa.* Kinachosumbua hapa ni ule upana wa milimita 10.8. Ganda la 9mm linakaa kwenye uso wa slaidi kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake: anatembea, lakini anapwaya. Kucha inaling'ata ganda pembeni. Kirushio kinaligonga mahali pasipo pake. Mara nyingi ganda linatoka vizuri, mara nyingine linakwenda linakotaka.

Nilikuwa karibu na shemeji uwanja wa shabaha siku ya kwanza ya mtutu mpya. Alitumia magazini zake (visanduku vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) za .40, kwa kuwa muuzaji alimwambia "hazina shida". Risasi nane za kwanza zilikwenda sawa. Ganda la tisa lilimrukia kwenye paji la uso. La kumi na mbili liliingia kwenye kola, nalo likiwa la moto. Kwa bahati alikumbuka kuielekeza bastola mbele, akaiweka mezani, ndipo akaanza kucheza ngoma ambayo sijaiona hata kwenye harusi za kwetu. Kisha risasi mbili zikakwama njiani kuingia chemba, pua juu.

Tulibadilisha magazini kwanza, tukatia za 9mm za Glock 17. Kukwama kukaisha hapohapo. Wiki iliyofuata tukatia kirushio cha 9mm, na maganda yakaanza kuangukia kulia, sehemu moja. Kwa hiyo ukipiga bei ya mtutu, jumlisha magazini mbili na kirushio kabla hujasema ni rahisi.

Mambo matatu zaidi. Kwa Glock za kizazi cha nne, angalia springi: mwaka 2011 kampuni iliwabadilishia wateja springi za kizazi hicho, na iliyokusudiwa .40 si lazima iwe ndiyo inayofaa risasi nyepesi za 9mm. Ukiona slaidi hairudi hadi mwisho, anzia hapo. Pili, SIG wanauza slaidi nzima ya 9mm kwa baadhi ya fremu zao. Ni ghali kuliko mtutu peke yake, lakini uso wa slaidi na kucha vinakuja kwa kipimo sahihi, na mambo ya kola yanakwisha. Tatu, kuna risasi za 9mm zenye alama ya +P, kikomo chake paundi 38,500, na nyingine za +P+ ambazo SAAMI haikuziwekea kikomo chochote. Ukihamia 9mm kwa ajili ya kuihurumia bastola kisha ukailisha hizo, umejizungusha.

Na onyo ambalo silifanyii mzaha. Risasi ya .40 haiingii kwenye chemba ya 9mm, lakini ya 9mm inaingia kwenye chemba ya .40, na inaweza kulipuka humo. Ganda halina ukuta wa kuliegemea, linapasuka. Mwenye mitutu miwili aweke mezani risasi za aina moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine zibaki kwenye gari.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kupiga sana, mkono wake umechoka, na yuko tayari kurekebisha kidogo hadi bastola itulie. Kwa bastola ya kujilinda, mimi ningependa ipite mamia ya risasi bila kikwazo kabla ya kuiamini, au niiachie mtutu wake wa asili. Njia hii haiendi kinyume: bastola iliyozaliwa 9mm huwezi kuitia mtutu wa .40, kwa kuwa uso wa slaidi yake ni mwembamba.

3. Mtutu wa .357 SIG

*Shinikizo na msukumo.* SIG Sauer na Federal waliitoa risasi hii mwaka 1994: ganda la ukoo wa .40 lililobanwa shingo lishike kichwa cha 9mm, kwa lengo la kuifikia kasi ya revolva za .357 Magnum. Kikomo ni paundi 40,000. Kitako ni kilekile cha .40, kwa hiyo slaidi inasukumwa zaidi kwa asilimia 14 wakati mtutu ungali umefungwa. Msukumo wa kichwa uko chini kidogo ya .40, lakini baruti ni nyingi na gesi zake zina kasi. Mkononi na kwenye fremu utaona ni yaleyale.

*Kinachochakaa.* Fremu haipati nafuu, na mtutu unapata mzigo mpya. Angalia pale ambapo shingo ya ganda inakutana na mwanzo wa mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Ndipo gesi za moto hulamba chuma. Angalia pia juu ya chemba, ile bega ya mtutu inayosukumana na slaidi. Ukiona chuma kimebonyea na kung'aa kama kimepigwa nyundo ndogo nyingi, hiyo ni kazi ya shinikizo. Shingo fupi nayo inakishika kichwa kwa kiganja kidogo, kwa hiyo ule ugonjwa wa kurudisha risasi moja chemba kila asubuhi uko hapa pia.

Jambo zuri ni kwamba kila kitu kinaelewana. Kucha, kirushio, magazini, springi, vyote vya .40 vinafanya kazi bila kuguswa. Unabadili mtutu tu. Na kwa umbo lake la chupa, risasi huteleza chemba kama mtu anayeingia mlango mpana. Kwa utulivu wa kulisha sijaona inayoishinda.

Bei ndiyo ngumu. Kwa kawaida sanduku lake huuzwa karibu mara mbili ya 9mm, na maduka mengi hayana kabisa. Mlio wake kwenye uwanja wa ndani huwafanya majirani wahame meza.

*Inamfaa nani.* Anayependa risasi ya kasi inayokwenda kwa mstari ulionyooka, anayepiga kidogo, na mwenye P229, P226 au Glock ya .40 iliyo katika hali nzuri. Polisi wa jimbo la Texas walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuikubali, na walinzi wa rais wa Marekani waliibeba miaka mingi kwenye P229, kwa hiyo si risasi ya mchezo. Ila asiyeridhika na .40 kwa kuwa inapiga mkono hatapata faraja hapa.

4. Seti ya .22

*Shinikizo na msukumo.* Hii si mtutu peke yake. Unavua slaidi yote na kuvalisha nyingine nyepesi, mara nyingi ya aluminiamu, yenye mtutu na springi yake. Haijifungi kwa mtindo wa Browning. Uzito wa slaidi na springi ndivyo vinavyozuia ganda lisitoke mapema. Msukumo ni chini ya robo ya .40. Fremu yako inalala usingizi.

*Kinachochakaa.* Kinachoendelea kuchakaa ni triga na springi zake ndogo, kwa sababu hizo zinahesabu mibonyezo, hazijali kaliba. Upande wa seti yenyewe adui ni uchafu. Vichwa vingi vya .22 ni madini matupu ya risasi (lead) yaliyopakwa nta, na baada ya mia mbili hivi chemba inakuwa na masizi kama sufuria ya kuni. Nyingine hazilipuki mara ya kwanza. Usiifyatue tupu, maana pini ya kufyatulia hupiga ukingo wa chemba na kuubonyeza, na baadaye maganda yanang'ang'ania humo. Na nawa mikono kabla ya kula. Naisema kwa sababu nimewaona watu wakila mahindi ya kuchoma mezani na vidole vyeusi.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, mke au mume anayeogopa kishindo, na yeyote anayetaka mazoezi ya triga kwa senti chache. Haikufundishi kudhibiti mruko wa .40, na haifai kwa kujilinda.

Njia mbili za pembeni, kwa kuwa nitaulizwa

Wenye bastola za 10mm husikia kwamba .40 inaweza kupigwa kwenye mtutu wa 10mm moja kwa moja, kwa kuwa kipenyo ni kimoja. Inapiga, kweli. Lakini ganda ni fupi kwa milimita 3.6, halifiki mahali linapopaswa kujiegemeza mbele, kwa hiyo linaning'inia kwenye kucha. Kucha iliumbwa kuvuta, haikuumbwa kuzuia pini. Nunua mtutu wa .40 uliotengenezwa kwa ajili ya hiyo 10mm. Bastola itapumzika na kucha itabaki nzima.

Halafu kuna wanaotaka kuitia 1911, ile bastola ya zamani ya .45, seti ya risasi kali zaidi iitwayo .460 Rowland. Kutoka paundi 21,000 hadi 40,000. Seti nzuri huja na springi nzito na kipande cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mruko. Ukikiondoa hicho kwa sababu ya urembo, fremu italipa. Kwa 1911 ya babu, hapana.

Kwa hali yako

Kama bastola imetoka polisi na hujaifanyia kitu: springi mpya, kisha piga risasi 200 za .40 kabla hujanunua mtutu wowote. Watu wengi waliodhani tatizo ni kaliba walikuwa na springi iliyokufa.

Kama unapiga zaidi ya risasi mia tatu kwa mwezi na pesa inauma: 9mm, pamoja na magazini zake na kirushio. Kama una SIG na uwezo unaruhusu, slaidi nzima.

Kama unapiga mara chache, unaipenda kasi na hujali bei: .357 SIG, na ukague bega la mtutu kila unaposafisha. Piga picha ya mtutu ukiwa mpya, ili baada ya mwaka uwe na cha kulinganisha.

Kama nyumbani kuna anayejifunza: .22 kwanza, kaliba nyingine baadaye.

Kama bastola ni ya kazi, mwajiri ana masharti yake na risasi zake; mwulize kabla hujagusa chochote.

Shemeji alichukua 9mm kwa Jumamosi, na mtutu wa .40 anaurudisha Jumapili jioni kabla ya zamu. Kola ya shati sasa anaifunga hadi kifungo cha juu.